Vitabu vya watoto na vijana vilivyotafsiriwa kutoka nchi nyingine: mnavipataje na mnavichaguaje?

Mkutubi_Iringa

Habari zenu wakuu. Nasimamia maktaba ya shule yenye msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Rafu ya hadithi imejaa vitabu vya msaada, karibu vyote vya waandishi wa Uingereza na Marekani. Nataka wanafunzi wasome pia hadithi za Japani, Irani, Brazili na nchi za Skandinavia, na za Waafrika wenzao kutoka Rwanda, Senegali na kwingineko. Msingi wanasoma kwa Kiswahili, sekondari wanamudu Kiingereza chepesi.

Shida ni kwamba nikitafuta mtandaoni vitabu vya watoto vya Japani, naletewa vitabu vya Wamarekani vinavyoeleza Japani. Sitaki hivyo, nataka vile ambavyo watoto wa Japani wenyewe wanasoma. Bajeti ni shilingi 400,000 kwa mwaka. Kuna kompyuta moja yenye intaneti na printa ya leza ya nyeusi na nyeupe. Nianzie wapi, na niepuke nini?

---

BiOrodha

Mkutubi, salaam. Maduka ya mtandaoni hupanga vitabu kwa mada, hayaangalii kitabu kimetoka wapi. Ukiandika Japani, unaletewa kila kitabu chenye neno hilo kwenye maelezo yake. Sasa Mjapani anayewaandikia watoto wa kwao kuhusu mvulana na baiskeli yake hana sababu ya kuitaja Japani hata mara moja. Kwa hiyo acha kutafuta kwa jina la nchi. Tafuta kwa tuzo, kwa mchapishaji na kwa mfasiri.

Tuzo ya kuanzia kwa vitabu vya Kiingereza ni Batchelder, ambayo chama cha maktaba cha Marekani kimekuwa kikiitoa tangu 1968. Hupewa mchapishaji, kwa kitabu cha watoto kilichotoka kwanza katika lugha nyingine nje ya Marekani kisha kikatafsiriwa. Faida yake kwako ni kwamba orodha nzima ni tafsiri tupu, washindi pamoja na vile vilivyopewa heshima, kwa hiyo huna cha kuchuja. Mwaka 2009, kwa mfano, ilikwenda kwa riwaya ya Nahoko Uehashi wa Japani, iliyotafsiriwa na Cathy Hirano. Kwa vijana wa sekondari kuna tuzo ya Global Literature in Libraries Initiative, iliyoanza 2019, ambayo ni ya riwaya za vijana zilizotafsiriwa pekee. USBBY, tawi la Marekani la IBBY, hutoa orodha ya vitabu kama 40 kila mwaka tangu 2006, vikiwa vimepangwa kwa madarasa. Hiyo sasa uichuje, maana inapokea kitabu chochote kilichotoka kwanza nje ya Marekani. Utakuta vya Australia na Uingereza ambavyo havikutafsiriwa. Tazama kama jina la mfasiri limeandikwa.

IBBY yenyewe ni baraza la kimataifa la vitabu vya vijana. Lilianzishwa Zürich mwaka 1953 kwa juhudi za Jella Lepman na makao yake yako Basel. Ndilo linalotoa tuzo ya Hans Christian Andersen kila baada ya miaka miwili, na hapo utapata majina ya nchi ulizozitaja. Kutoka Brazili kuna Lygia Bojunga (1982), Ana Maria Machado (2000) na mchoraji Roger Mello (2014). Irani ilimtoa mchoraji Farshid Mesghali (1974), Uswidi Astrid Lindgren (1958), Ufini Tove Jansson (1966), na Uehashi huyo huyo aliipata 2014. Usiishie kwa washindi. Pitia na orodha fupi za waliopendekezwa, maana huko ndiko kuna waandishi wengi ambao maduka hayawatangazi. IBBY ina pia Orodha ya Heshima, nayo kila miaka miwili, yenye sehemu tatu: waandishi, wachoraji na wafasiri. Hiyo sehemu ya wafasiri ni hazina. Ukishampata mfasiri mmoja mzuri wa vitabu vya watoto kutoka Kiajemi au Kireno, andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia na utaona kazi zake nyingine zote zimejipanga.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Maktaba ya Kimataifa ya Vijana ya Munich, ambayo Lepman aliianzisha 1949, hutoa kila mwaka katalogi iitwayo White Ravens yenye vitabu takriban 200 vya lugha nyingi. Maelezo yake ni ya Kiingereza lakini vitabu vyenyewe viko katika lugha za asili. Itumie kujua majina, kisha ukachunguze kama kitabu kimeshatafsiriwa. Ukiitumia kama orodha ya manunuzi utavunjika moyo, kwa sababu vingi bado havijatoka kwa Kiingereza.

Kwa wachapishaji, soma katalogi nzima za nyumba ndogo zinazoishi kwa tafsiri: Gecko Press ya New Zealand, Enchanted Lion ya Brooklyn, Pushkin Children's ya London, na Tiny Owl, pia ya London, iliyojijenga kwa vitabu vya picha vya Irani. Tara Books ya Chennai nayo uitazame kwa India. Katalogi zao ni fupi, jioni moja inatosha kwa kila moja. Na mwezi Septemba wapenzi wa tafsiri za watoto huadhimisha World Kid Lit Month, orodha za nchi kwa nchi humwagika mtandaoni. Ukizikusanya wakati huo umejiwekea akiba ya mwaka.

Halafu jizoeze kusoma ukurasa wa hati miliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Tafsiri ya kweli itakuonyesha jina la asili la kitabu, mwaka na mchapishaji wa kwanza, lugha kilikotoka, na mfasiri. Ukikuta imeandikwa tu kwamba hadithi "imesimuliwa upya na" fulani, na hakuna jina la asili, hiyo ni kazi ya msimulizi huyo. Inaweza kuwa nzuri, ila siyo ulichokuwa unakitafuta. Kwenye katalogi za maktaba zinazotumia MARC, mfumo wa kompyuta wa kuorodhesha vitabu, fungua mwonekano wa mkutubi uangalie sehemu ya 041: herufi a inataja lugha ya kitabu, herufi h lugha ya asili. Ukiona a ni swa na h ni eng, hicho ni kitabu cha Kiswahili kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Kama mwandishi wake ni Mrusi, huenda ni tafsiri ya tafsiri, imepitia Kiingereza kwanza.

---

MhaririDar

BiOrodha amemaliza upande wa Kiingereza. Mimi nichukue Kiswahili.

Kwa darasa la kwanza hadi la tatu usitumie fedha kununua. Tumia printa. Ingia African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofunguliwa 2015. Zote zinakuruhusu kuchuja kwa lugha ya Kiswahili na kwa ngazi ya usomaji, na utapata hadithi zilizoandikwa awali kwa Kihindi, Kimarathi, Kizulu, Lugbara na lugha nyingine nyingi. Angalizo: ngazi za tovuti hizi hazilingani. StoryWeaver inahesabu maneno ya kitabu kizima, ngazi ya kwanza ikiishia kama maneno 250 na ya pili kama 600. African Storybook inaangalia wingi wa maandishi kwenye kila ukurasa. Kwa hiyo namba ya ngazi isikuongoze peke yake. Fungua ukurasa wa katikati uusome.

Leseni iko ukurasa wa mwisho. Iliyoandikwa CC BY inakuruhusu kuchapa, kutafsiri, hata kuuza, mradi umtaje mwandishi, mchoraji na mfasiri. Ikiwa na herufi NC, usiuze wala usidai malipo. Hivyo ule ukurasa wa mwisho usiukate kuokoa karatasi, ndio unaokupa haki ya kuchapa.

Kuchapa sasa. Pakua PDF, ifungue kwenye programu ya kusomea yenye chaguo la kijitabu, weka A4, pande zote mbili, kugeuza kwa upande mfupi. Kijitabu hutaka idadi ya kurasa inayogawanyika kwa nne. Hadithi ya kurasa 14 itaachiwa mbili tupu mwishoni, nazo zinafaa kubandikia karatasi ya tarehe za kuazima. Kabla ya kuchapa nakala 20, chapa karatasi ya kwanza tu. Kwa kitabu cha kurasa 16, upande mmoja uwe na ukurasa wa 16 na wa 1, upande wa pili wa 2 na wa 15. Kama wa 2 na wa 15 vimetoka kichwa chini, umechagua kugeuza kwa upande mrefu. Badilisha ujaribu tena. Printa isiyochapa pande mbili yenyewe, chapa kwanza pande za mbele zote, rudisha karatasi, kisha za nyuma, na hapo pia jaribu na karatasi moja kwanza, maana kila printa ina namna yake ya kulisha karatasi.

Karatasi ya gramu 80 inatosha ndani, jalada liwe gramu 160 au zaidi. Pini za stepla hupata kutu na kuchana mkunjo, hasa vitabu vikiazimwa msimu wa mvua. Uzi imara unadumu zaidi: toboa matundu matatu kwenye mkunjo, anza tundu la kati kwa ndani, toka nje, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka hadi la chini kwa ndani, toka nje, rudi la kati na ufunge fundo. Na kwa kuwa printa yako ni ya rangi moja, chagua hadithi zenye michoro ya mistari. Picha za rangi za maji zikichapwa kijivu hugeuka wingu jeusi, na mtoto anayesoma kwa kutegemea picha anapotea.

Ubora wa tafsiri unatofautiana sana kwa sababu watu wa kujitolea ndio wanaotafsiri. Soma kurasa mbili kwa sauti. Ukikutana na "simba ilikimbia" au "paka nyeusi", kiweke pembeni, aliyefanya kazi hiyo alikuwa anafuata maneno bila kusikiliza lugha. Kagua pia kama maandishi yanaendana na picha ya ukurasa huo huo. Mara nyingine mfasiri hubana sentensi za kurasa mbili kwenye moja na mfuatano unaharibika.

Kwa darasa la nne hadi la saba sasa unahitaji vitabu vya dukani. Mkuki na Nyota wana tafsiri ya kitabu mashuhuri cha Antoine de Saint-Exupéry, kwa jina la *Mwana Mdogo wa Mfalme*. E&D Vision nao wa hapa Dar, omba katalogi yao ya watoto. Kwa kidato cha tatu na nne kuna *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, Kiswahili chake bado kinasomeka bila kukwama. Unapotafuta tafsiri za Kiswahili, anza na jina la mwandishi wa asili, lisiwe jina la kitabu, kwa sababu tahajia hubadilika. Kitabu cha Lewis Carroll cha Alice katika nchi ya ajabu kina *Elisi* wa 1940 na *Alisi* wa Ida Hadjivayanis aliyetoka 2015 kwa mchapishaji Evertype. Ukiandika tahajia moja, nyingine hutaipata.

Usiwadharau wauza vitabu vikuukuu wa barabarani. Progress ya Moscow na Foreign Languages Press ya Beijing walichapa vitabu vya watoto kwa Kiswahili enzi zile, na nakala bado zinazunguka. Karatasi yake ni nzuri na michoro ni ya hali ya juu. Pekua kurasa zote kabla ya kulipa, kwani karatasi za katikati hung'oka, na vumbi la unga kwenye mshono ni dalili ya wadudu. Kitabu cha namna hiyo kisiingie rafuni kabla hujakisafisha.

---

Ntore_Buja

Nikiongeza kwa upande wa Afrika inayosoma Kifaransa: kuna jarida la Takam Tikou, linatolewa na kituo cha fasihi ya watoto cha Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Linahakiki vitabu vya watoto vya Afrika, nchi za Kiarabu, Karibi na Bahari ya Hindi, na kulisoma mtandaoni ni bure. Ndiyo njia ya haraka ya kujua nini kinatoka Dakar, Abidjan au Cotonou. Kigali kuna Éditions Bakame, tangu 1995, wanaochapa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Shule ikiwa na mwalimu wa Kifaransa, mpe kazi ya kusoma Takam Tikou na kukuletea majina.

---

DukaLaKona_Nbo

Mwalimu, niseme juu ya kuagiza, maana hapo ndipo fedha zinapopotea.

Agiza kwa ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu, ya tarakimu 13, kamwe usiagize kwa jina la kitabu peke yake. Jalada gumu na jalada laini vina ISBN tofauti, na ukikosea unaweza kulipia karibu mara mbili kwa kitabu kile kile, achilia mbali uzito. Kilo moja ni kama vitabu viwili vya picha vyenye jalada gumu, au riwaya nne za jalada laini.

Pili, haki za kuchapa hugawanywa kwa maeneo. Kwa kawaida vitabu vya Kiingereza vinavyoingia Afrika Mashariki hupitia toleo la Uingereza. Orodha za Batchelder na USBBY ni za matoleo ya Marekani. Kwa hiyo ukishapata jina la kitabu, tafuta kama kina toleo la Uingereza, na ujue jina lake linaweza kuwa limebadilishwa. Angalia jina la mwandishi na jina la asili kwenye ukurasa ule aliosema BiOrodha. Kama toleo la Uingereza halipo, muulize muuzaji wako mapema kama anaweza kukipata, kabla hujalipa chochote. Omba ankara ya awali inayoonyesha kila ISBN na bei hadi mlangoni kwako, isiwe bei ya kitabu peke yake. Mkiungana shule tatu au nne mkaagiza sanduku moja, gharama ya usafiri kwa kila kitabu inashuka sana.

Alama za umri zilizoko nyuma ya vitabu zimewekwa kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha ya nyumbani. Kitabu kilichoandikwa miaka 9 hadi 12 ndicho mara nyingi kinachowafaa kidato cha kwanza na cha pili. Jaribu kwa vidole vitano: mwanafunzi asome ukurasa mmoja, kila neno asilolijua anakunja kidole, vikifika vitano kitabu bado kizito. Na kila riwaya ya vijana isomwe yote na mwalimu mmoja kabla ya kuingia rafuni. Waandishi wa Skandinavia na Uholanzi huongea waziwazi na vijana juu ya mapenzi, kifo na ulevi. Vingi ni vitabu bora kabisa, lakini ni vema wewe uwe umekisoma kabla mzazi hajaja kukuuliza.

Vijana wako watakuomba manga, yaani vitabu vya katuni vya Japani, na usiwanyime, kwa wengi huo ndio mlango wa fasihi ya Japani. Toleo la Kiingereza husomwa kutoka kulia kwenda kushoto: kitabu kinaanzia upande ambao sisi tunauona ni mwisho, na ndani ya ukurasa visanduku vinafuatwa kutoka kulia. Bandika kikaratasi cha maelezo kwenye jalada. Kampuni ya VIZ huweka alama za umri nyuma: A ni kwa wote, T ni vijana, T+ ni vijana wakubwa, M ni watu wazima. Kwa shule baki kwenye A na T. Kabla hujanunua juzuu la kwanza, angalia mfululizo una majuzuu mangapi. Wenye matano unaweza kuukamilisha. Wenye sabini utaacha wanafunzi wananing'inia, na nakala tatu za mwanzo zitachakaa huku zinazofuata hazipo.

---

Mkutubi_Iringa

Asanteni sana, nimenakili kila kitu. Naona nigawe hivi: 120,000 kwa karatasi, wino na uzi, 280,000 kwa riwaya za sekondari na za darasa la nne hadi la saba. Swali moja limebaki. Walimu wa Kiswahili wangependa kutafsiri wenyewe hadithi chache kwa ajili ya watoto wadogo. Inaruhusiwa? Na vipi kuhusu vitabu vya dukani?

---

MhaririDar

Vya dukani hapana, hata kama ni kwa matumizi ya darasani na hamuuzi. Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kitabu, na lazima mwandikie mchapishaji wa asili kuomba ruhusa. Wengi huchukua miezi kujibu.

Zile za leseni huria tafsirini. StoryWeaver na African Storybook zote zina sehemu ya kutafsiria humo humo, unafungua akaunti, unachagua hadithi, na maandishi yanakaa kando ya picha. Kabla ya kuanza, chuja kwa Kiswahili muone kama ipo tayari, maana hadithi zinazopendwa hutafsiriwa mara mbili tatu. Tafuteni pia lugha ya asili ya hadithi. Kama iliandikwa Kizulu na ninyi mnasoma Kiingereza chake, someni na toleo la Kizulu hata kwa kutazama majina na milio, kwa sababu tafsiri ya Kiingereza mara nyingi huwa imeshaondoa viitikio na nyimbo. Vitu hivyo ndivyo watoto wanavyovisubiri.

Mtu mmoja atafsiri, mwingine ahariri bila kuona Kiingereza, wa tatu asome kwa sauti mbele ya darasa la pili kabla hamjabonyeza kuchapisha. Pale watoto watakapopoteza mfuatano, wekeni alama pembeni, sentensi hiyo irudi kwa mfasiri. Na Kiswahili huchukua nafasi kubwa kuliko Kiingereza: sanduku la maandishi likijaa, fupisheni sentensi, msipunguze ukubwa wa herufi.